Umejiandikisha mara moja, matangazo hayakomi: tafuta chanzo kabla hujabonyeza

Msichana mmoja aliyemaliza chuo alikuja steshenari kwangu, hapa Chake Chake, siku ya Jumatatu asubuhi kutoa kopi za vyeti. Tulipokuwa tunatafuta faili kwenye simu yake niliona barua pepe zaidi ya elfu moja na mia nne hazijafunguliwa. Viatu, tiketi za ndege, kozi za mtandaoni, mashindano ya kubahatisha, hoteli za miji asiyowahi kufika. Tukateremka, tukateremka, na katikati ya mchanganyiko huo tukaikuta barua ya kumwita kwenye usaili Unguja. Usaili ulikuwa umefanyika Ijumaa.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, simu mapajani, akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Kaka, hivi vyote nimevitaka mimi?"

Nimeandika haya kwa ajili ya swali lake. Baadhi ya barua zile alizitaka bila kujua kwamba amezitaka. Nyingine hakuzitaka kabisa, na zilimfikia kwa njia ambazo mtu hawezi kuzikisia. Dawa ya hizi si dawa ya zile, na hapo ndipo wengi wanapoumia: anabonyeza "jiondoe" kwenye barua ya tapeli, anaripoti kama taka (spam) barua ya chuo chake mwenyewe, na baada ya mwezi hali ni ile ile au imezidi.

Kwanza, isome barua moja

Chukua barua moja tu katika zile zinazokukera. Usibonyeze kitu chochote ndani yake. Angalia sehemu tatu.

Ya kwanza ni anwani ya aliyetuma. Jina linaloonekana juu si hoja, kwani mtu anaweza kuandika jina lolote. Kwenye Gmail ya simu, gusa kimshale kidogo kilicho chini ya jina la mtumaji, anwani kamili itafunguka. Soma kilicho baada ya alama ya @, na ukisome kutoka mwisho kurudi nyuma. Kama mwisho ni "mfano.com", mwenye barua ni mfano.com, hata kama mbele yake pameandikwa jina la benki unayoijua. Kampuni nyingi za kweli hutumia huduma za kutuma barua kwa wingi, kwa hiyo anwani inaweza kuonekana ngeni kidogo. Ikikutia shaka, acha, endelea na sehemu nyingine mbili.

Ya pili ni anwani iliyopokea. Je, ni ile unayoitumia sasa, au ya zamani ambayo uliiunganisha ikuletee barua hapa? Jambo hili linaonekana dogo lakini limenisumbua mara nyingi, na nitalirudia chini.

Ya tatu ni yale maandishi madogo ya kijivu mwishoni kabisa. Kampuni inayofuata taratibu huandika pale kwa nini unapata barua hii, inaweka anwani yake ya posta na inaweka njia ya kujiondoa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua za biashara inalazimisha anwani hiyo ya posta na njia hiyo ya kujiondoa. Ukikuta hamna kitu chini, au kuna kiungo kimoja tu kinachokusukuma uingize paswedi yako, ujue unashughulika na mtu wa aina nyingine.

Ukishasoma sehemu hizo tatu, tafuta dalili yako hapa chini.

Dalili: barua zinatoka kwenye tovuti uliyojiandikisha mwenyewe

Hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na ndiyo nyepesi kuitibu.

Chanzo kipo kwenye fomu ya kujiandikisha. Mtu yuko bandarini, anataka tiketi ya boti kabla haijajaa, jua linamchoma na salio la bando linakwisha. Anajaza jina, simu, imeili. Chini kuna visanduku viwili. Kimoja ni cha kukubali masharti, na bila hicho huendi mbele. Cha pili kinasema utapenda kupata ofa na habari, na mara nyingi tiki imeshawekwa kabla hujafika. Mtu anaona visanduku viwili vimekaa pamoja anadhani vyote ni vya lazima. Kuna fomu nyingine zimegeuza maneno: weka tiki kama HUTAKI. Ukiruka kisanduku kwa kudhani umekwepa, ndiyo umekubali.

Siuiti ujanja huo biashara nzuri. Ulaya, kanuni ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018 inasema wazi kwamba kisanduku kilichotiwa tiki kabla si ridhaa. Mtu akubali kwa kitendo chake mwenyewe. Lakini fomu nyingi tunazojaza hapa bado ni za mtindo ule wa zamani.

Tiba ni kujiondoa, na hapa usiogope kubonyeza, kwa sababu mtumaji unamjua na anwani yake umeisoma. Kwenye Gmail, fungua barua, utaona neno "Jiondoe" karibu na jina la mtumaji. Kama simu yako iko kwa Kiingereza litaandikwa "Unsubscribe". Kama halionekani juu, gusa vidoti vitatu pembeni. Tumia hiki cha juu kabla ya kile cha chini kabisa ya barua, kwa sababu hiki mara nyingi hakikupeleki kwenye ukurasa wowote. Tangu 2024 Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua kwa wingi, kwa Google ni kuanzia barua kama 5,000 kwa siku, waweke njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja na walitimize ombi ndani ya siku mbili.

Ukilazimika kutumia kiungo cha chini, soma ukurasa unaofunguka polepole. Mara nyingi kitufe kikubwa chenye rangi kinasema "baki nasi" au "nipunguzie, nitumie mara moja kwa wiki", na kile cha kuondoka kabisa ni maandishi membamba chini yake. Wakikuuliza sababu, huna wajibu wa kujibu. Wakikutaka uingie kwa paswedi ndipo uondoke, toka humo, uiripoti barua hiyo kama taka.

Kama tovuti ni nyingi, Gmail ina ukurasa wa kusimamia usajili ulioanza kuwekwa 2025. Unaupata kwenye menyu ya pembeni. Unaonyesha watumaji wako wote wa matangazo, na wanaotuma sana wako juu. Kaa nao robo saa, kikombe cha chai pembeni, uwapunguze mmoja mmoja.

Dalili: nimejiondoa, lakini zinaendelea kuja

Hapa usikimbilie kusema kampuni ni ya kihuni. Kuna sababu kadhaa na kila moja ina njia yake.

Huenda siku hazijatimia. Barua ya wiki hii pengine ilishapangwa kabla hujajiondoa. Sheria ya Marekani inawapa siku 10 za kazi. Andika tarehe uliyojiondoa, hata kwenye kalenda ya ukutani, usitegemee kumbukumbu.

Huenda umejiondoa kwenye orodha moja kati ya nyingi. Kampuni moja inaweza kuwa na orodha ya ofa, orodha ya habari, orodha ya pointi za wateja na orodha ya "umesahau kitu kwenye kikapu chako". Ukitoka kwenye moja, tatu zimebaki. Ingia kwenye akaunti yako katika tovuti yenyewe, tafuta mahali pa mipangilio ya taarifa, uzime zote kwa pamoja. Ni kazi ya dakika tano na inamaliza mambo kuliko kubonyeza barua baada ya barua.

Huenda anwani si ile. Mwalimu mmoja wa skuli ya msingi alinijia amekasirika kwelikweli, amejiondoa mara sita kwenye duka moja la vitabu na barua bado zinakuja. Tulipofungua kile kimshale tukaona barua zote zilikuwa zinakwenda kwenye Yahoo yake ya zamani, ambayo miaka iliyopita aliiamuru isukume kila kitu kwenye Gmail. Alikuwa anaandika anwani ya Gmail kwenye ukurasa wa kujiondoa, na duka halina anwani hiyo. Tukaandika ya Yahoo. Zikakoma.

Huenda si tangazo. Risiti, tiketi, taarifa ya kubadilishwa kwa saa ya safari, onyo kwamba kuna mtu ameingia kwenye akaunti yako: hizo zitaendelea kuja hata ukijiondoa kwenye matangazo, na ni haki zije. Kama hutaki hata hizo, tiba ni kufunga akaunti yenyewe. Kufuta programu kwenye simu hakufungi akaunti, nasisitiza hapo, kwani karibu kila wiki nakutana na mtu anayeamini hivyo. Jina lako na imeili yako vimebaki kwao.

Na huenda kweli wamekupuuza. Baada ya wiki mbili kamili bila mabadiliko, fanya mambo mawili. Ripoti barua hiyo kama taka. Ripoti yako ina uzito, kwa sababu Google humtaka mtumaji mkubwa awe na malalamiko chini ya 0.3% ya barua zake, na akizidi, barua zake zinaweza kuanza kuzuiliwa au kupelekwa Taka. Kisha waandikie, maneno machache tu:

"Sitaki taarifa zangu zitumike kwa matangazo. Naomba muondoe anwani hii kwenye orodha zenu zote na mnijibu mkishafanya hivyo."

Tuma kutoka anwani ile ile inayopokea, na uhifadhi nakala. Kwa kampuni yenye makao Ulaya, ukikataa matangazo hawana hoja ya kukupinga, lazima waache, na wana mwezi mmoja wa kukujibu. Kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Nayo inampa mtu haki ya kumzuia anayetunza taarifa zake asizitumie kwa matangazo ya biashara, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Sheria hiyo inagusa Bara na Zanzibar pia kwa mambo ya Muungano. Watu wengi hapa Pemba hawajui kwamba wana haki hiyo, wanadhani kusumbuliwa ndiyo malipo ya kutumia mtandao.

Dalili: nilijiandikisha sehemu moja, sasa nasumbuliwa na watu kumi nisiowajua

Hapo mkono wako uwe mzito.

Anwani yako imetoka mahali. Njia moja ni halali kwa karatasi: kwenye masharti uliyoyakubali kulikuwa na sentensi kuhusu "washirika wetu", na washirika hao wamepewa orodha. Hasa zile tovuti za kushinda simu, za kupima akili na za "nafasi za kazi Canada" zimejengwa kwa ajili hiyo. Bidhaa wanayouza ni orodha ya watu.

Njia nyingine ni wizi. Tovuti uliyojiandikisha imevunjwa na orodha ya wateja imevuja. Hilo unaweza kuliangalia mwenyewe kwenye haveibeenpwned.com, iliyoanzishwa 2013 na mtaalamu wa usalama wa Australia, Troy Hunt. Unaandika imeili yako tu, bila paswedi, inakwambia imeonekana katika uvujaji upi na wa mwaka gani. Ukijikuta humo, matangazo ndiyo tatizo dogo. Badilisha paswedi ya tovuti hiyo leo hii, na kila mahali pengine ulipotumia paswedi ile ile. Najua wengi wetu tuna paswedi moja kwa kila kitu, jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Anza na imeili yenyewe, kwani ndiyo mlango wa vyote vingine.

Njia ya tatu inawapata khasa wenye gesti na watembeza watalii wa Nungwi, Paje na Jambiani: anwani imeandikwa wazi kwenye tovuti yao, na kuna programu zinazopita usiku na mchana kuokota kila chenye alama ya @. Kila siku wanaandikiwa na watu wanaoahidi kuipandisha tovuti yao iwe ya kwanza Google. Kwa hao tiba nzuri ni kuweka fomu ya mawasiliano badala ya anwani tupu.

Kwa barua za namna hii, usibonyeze "jiondoe" iliyo ndani ya barua. Yule mtu ana mamilioni ya anwani na hajui zipi zina mwenyewe. Ukibonyeza, umemjibu hodi. Atajua nyumba ina mtu. Ripoti kama taka, basi. Gmail ikikuuliza kama unataka kuripoti pamoja na kujiondoa, chagua kuripoti peke yake.

Tena kuna jambo la picha. Ndani ya barua nyingi kuna picha ndogo mno, nukta moja isiyoonekana kwa jicho, iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya mtumaji. Barua ikifunguka, picha inaitwa, na mtumaji anajua kwamba barua imefunguliwa. Nenda kwenye mipangilio ya Gmail, sehemu ya picha, chagua uulizwe kwanza kabla ya kuonyeshwa picha za nje. Utapata faida mbili, kwa sababu bando nalo halitaliwa na mabango ya viatu.

Dalili: barua zina jina la mtu mwingine

Hii nataka nikae nayo, kwani inatuhusu sisi wa huku kuliko wengine, na mimi mwenyewe nimeshiriki kuisababisha.

Miaka ya mwanzo ya steshenari, mteja anakuja na cheti cha kuzaliwa, picha mbili na barua ya sheha. Anataka kuombewa mkopo wa masomo, au kazi, au kitambulisho cha mahali fulani. Tovuti inataka imeili. Hana. Nyuma yake kuna watu saba, na umeme huenda ukakatika wakati wowote. Nikawa naweka imeili yangu. Nilifanya hivyo kwa watu wengi sana, nikidhani nawasaidia.

Matokeo yake yalikuwa mawili. Kisanduku changu kikajaa matangazo ya tovuti zote hizo, kwa majina ya watu wote hao: "Habari Fatma", "Habari Juma", "Habari Mwalimu". Hilo ningelivumilia. Lakini siku moja alikuja mzee wa Konde, kanzu imeloa mvua, kuuliza kama mtoto wake amejibiwa ombi lake la chuo. Nikatafuta. Jibu lilikuwa limekuja wiki tatu nyuma, limelala kwangu chini ya matangazo, na siku ya kuthibitisha nafasi ilishapita. Mzee hakunilaumu. Alisema "Haya, mwanangu, ndiyo ilivyoandikwa," akaondoka. Tangu siku hiyo sijaweka imeili yangu kwenye fomu ya mtu.

Kama unashuku kwamba wewe umeandikishwa kwa imeili ya mtu mwingine, dalili yake ni kinyume: hupati barua yoyote kutoka mahali uliposajiliwa. Ingia kwenye akaunti, fungua wasifu wako, angalia imeili iliyoandikwa, uibadilishe. Kama paswedi huijui, jaribu kuirudisha kwa namba ya simu. Isipowezekana, rudi kwa aliyekusajili, kaeni pamoja mbele ya kompyuta moja, namba ya uthibitisho ikiingia kwake akusomee hapo hapo. Usikubali akwambie "nitakufanyia baadaye". Na ukishabadilisha, badilisha na paswedi, kwa heri kabisa na bila ugomvi.

Kama wewe ndiye unayepokea barua za mtu usiyemjua kabisa, huenda alikosea herufi moja. Fahamu pia kwamba Gmail haihesabu nukta: juma.ali na jumaali ni kisanduku kimoja. Kwa hiyo anayedhani ile yenye nukta ni yake, barua zake zinakuja kwako. Tafuta chini ya barua kiungo kinachosema "si mimi niliyejiandikisha". Usiingie kwenye akaunti yake kwa kuibadilisha paswedi, hata kama unaweza. Ni mali ya mtu.

Dalili: mamia ya barua ndani ya saa moja

Simama. Usifute.

Mtu akiamka akakuta barua mia tatu za "asante kwa kujiandikisha" kutoka tovuti za lugha asizozijua, mara nyingi kuna barua moja inafichwa. Mwizi ameingia kwenye akaunti ya ununuzi au ya benki, anajua kwamba taarifa itatumwa kwa mwenye akaunti, kwa hiyo anaiandikisha anwani ya mwenye akaunti huyo kwenye mamia ya tovuti kwa programu maalumu, ili taarifa ile izame. Ukifuta zote kwa hasira, umemmalizia kazi.

Tumia sehemu ya kutafuta. Andika jina la benki yako, kisha neno "password", "order", "payment", "paswedi", "malipo". Angalia hata kwenye Taka. Ukikuta muamala usioujua, pigia benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, usitumie namba iliyo ndani ya barua. Badilisha paswedi ya imeili, washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi pamoja na uthibitisho mwingine, kama namba inayoletwa kwenye simu yako. Baada ya hapo ndipo uanze kusafisha, na wimbi lenyewe kwa kawaida hupungua baada ya siku chache.

Dalili: barua ninayoitaka haionekani

Nimerudi kwa yule msichana. Barua yake haikupotea. Gmail inazigawa barua katika vyumba: Msingi, Matangazo, Mitandao ya kijamii na vinginevyo. Barua ya usaili ilitumwa kwa waombaji wengi kwa mpigo, ikachukuliwa kuwa tangazo. Kwa hiyo kila unapoomba kazi, chuo au ufadhili, ingia chumba cha Matangazo na cha Taka walau mara mbili kwa wiki. Kilichoko kwenye Taka hufutika chenyewe baada ya siku 30, na hakirudi.

Ukiikuta barua muhimu chumba kisicho chake, ihamishe kwenda Msingi. Kwa mtumaji usiyetaka kumkosa kabisa, tengeneza kichujio: andika anwani yake, chagua isipelekwe Taka kamwe, chagua iwekewe nyota. Vichujio hutengenezwa kwenye kompyuta, programu ya simu haina sehemu hiyo, kwa hiyo pita steshenari yoyote, ni dakika mbili.

Na angalia nafasi. Google hutoa bure GB 15, lakini humo humo zimo picha zako na mafaili yako. Zikijaa, barua mpya haziingii, na aliyekuandikia anarudishiwa barua yake. Wewe unaona kimya tu, unadhani hukujibiwa. Kusafisha matangazo ya miaka, fungua Gmail kwenye kompyuta, andika kwenye sehemu ya kutafuta:

category:promotions older_than:6m

Hayo ni matangazo yote yaliyozidi miezi sita. Pitia kurasa mbili tatu kwa macho kwanza, nakuomba, kwani ndimo zilimo barua kama ile ya usaili. Kisha chagua zote, bonyeza ule mstari unaojitokeza wa kuchagua mazungumzo yote yanayolingana, futa. Ukiwa na picha na video nyingi, hizo ndizo zinazokula nafasi zaidi, kwa hiyo usishangae ikiwa umefuta barua elfu tano na GB hazikushuka sana.

Safari ijayo, kwenye fomu

Fungua imeili ya pili. Ya kwanza iwe ya chuo, kazi, benki na serikali peke yake. Ya pili ndiyo utoe kwa maduka, tiketi na Wi-Fi ya bure. Wenye simu za Apple wanaolipia iCloud+ wana huduma ya kuficha imeili, tovuti inapewa anwani ya kubuni na barua zinaletwa kwako.

Ukitumia Gmail kuna njia nyepesi ya kumjua aliyekuuza. Baada ya jina lako weka alama ya kujumlisha na neno lolote: jinalako+boti@gmail.com. Barua zitakuja kwako kama kawaida. Ukiona siku moja tangazo la dawa za nguvu limekuja kwenye anwani yenye "+boti", hutahitaji kukisia. Fomu nyingine huikataa alama hiyo, na wezi wajanja huiondoa, lakini mara nyingi inafanya kazi.

Kisha teremka hadi chini ya fomu kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho. Soma kila kisanduku peke yake. Ondoa tiki ambayo hukuiweka wewe.

Yule msichana tulikaa naye hadi karibu na adhuhuri. Tulijiondoa kwenye tovuti thelathini na moja, tukaripoti kumi na tisa, tukafungua imeili mpya kwa ajili ya maombi ya kazi tu. Anwani yake aliiandika kwa kalamu ya wino ndani ya jalada la vyeti, herufi moja moja, akanisomea mara mbili kuhakikisha. Pia aliwaandikia wale waliomwita kwenye usaili, akaeleza kilichotokea na akaomba afikiriwe kama kutakuwa na siku nyingine. Kichujio cha anwani yao tulikiweka kabla hajainuka kwenye kiti.